Tulikwenda Pangani likizo ya Aprili, tukarudi na hesabu ya minazi

Likizo ya Aprili watoto wetu watatu walitaka kwenda ufukweni. Mama yetu mzazi, ambaye wao humwita Bibi, hakutaka kwenda popote. Ulikuwa mwaka wa tisa hajakanyaga Pangani alikozaliwa, kwa sababu ya shamba la minazi. Marehemu baba yake aliacha warithi wawili tu, yeye na kaka yake, na kaka aliendelea kulivuna shamba bila kuligawa.

Nasi tulikuwa na aibu yetu. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiandika kumbukumbu za vikao vya kamati ya msikiti, ambamo watu huleta migogoro ya ndoa na mirathi, na wengi tumewasomea mafungu yao. Mgogoro wa nyumbani kwetu hatukuugusa, kwa kuchelea kumkasirisha mjomba na kumliza mama. Safari hii tuliamua kwamba matembezi ya watoto na ziara ya Bibi viwe kitu kimoja. Tulimwahidi kwamba akifika Pangani akakataa kuvuka mto, hatutamlazimisha.

Tuliondoka Dar es Salaam baada ya sala ya Alfajiri, katika gari tuliloazima kwa jirani. Mtoto wetu wa kati alituongoza kusoma dua ya safari. Chalinze tuliiacha barabara ya Morogoro, tukashika ya kaskazini. Masika yalikuwa yamekolea. Mto Wami ulijaa maji mekundu kwa udongo, na tulipofika Mkata mvua ilitulazimisha kusimama kando ya barabara karibu saa nzima. Watoto walinung'unika. Bibi akawakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) ameifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa humnyima mtu usingizi na chakula chake, kisha akawagawia mikate ya kumimina.

Segera, magari ya Moshi na Arusha huenda upande wao, nasi tukashika kulia kuelekea Tanga. Muheza tulisimama msikitini kuswali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Binti yetu wa miaka tisa alitaka kujua zile rakaa nyingine zimekwenda wapi, na kama tutazilipa nyumbani. Tulimweleza kuwa hazilipwi. Mtume alipoulizwa kuhusu kupunguza sala safarini, alieleza kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, nao waipokee. Binti akasema, "Kumbe Allah anasamehe nusu nzima." Bibi alikuwa akivaa viatu. Hakusema neno, na hakusema neno mpaka tulipoingia Tanga mjini, tulikolala kwa ndugu.

Asubuhi watoto walitaka kuona mapango ya Amboni, kaskazini ya mji. Tuliwaahidi siku ya kurudi, tukaelekea kusini. Njiani tuliingia Tongoni, kwenye magofu ya msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, umezungukwa na makaburi. Baadhi ya makaburi hayo yalijengewa nguzo ndefu, na nyingi zimekwisha anguka. Watu hao walizikwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Tuliwatolea salamu na kuwaombea dua. Mtoto wetu mkubwa alisimama ndani ya gofu, akatambua ukuta wa kibla kwamba umeelekea kaskazini, sawasawa na wa msikiti wetu. Bibi aliyatazama makaburi kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na hawa, mashamba yao yako kwa nani sasa?" Hakuna aliyemjibu.

Pangani ni mji mdogo wa majumba ya kale kwenye mdomo wa mto. Hapa ndipo Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, alipouawa Desemba 1889. Tuliwasimulia watoto habari hizo tukisubiri kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya pili, anakoishi mjomba. Kivuko kilipofunguliwa, Bibi alishuka garini, akajifunga vizuri mtandio wake, akatangulia kuingia.

Mjomba tulimkuta barazani. Macho yake yamefifia, hakututambua mpaka mama alipokaribia na kusema, "Shikamoo, Kaka." Aliinyamazia sauti ile kidogo. Kisha akaitikia, "Marahaba, mdogo wangu," na mkono wake ukawa unautafuta mkono wa dada yake.

Watoto walikatiwa madafu. Sisi wakubwa tulijua yametoka shamba lile lile, na kwamba kwa miaka yote hiyo mama aliapa kutoonja chake. Aliletewa dafu lake. Alilishika mkononi, akalitazama, akasema, "Bismillahi," akanywa.

Hata hivyo, hakutaka mambo yaishie kwenye dafu. Baada ya Isha alimwambia kaka yake, mbele yetu, "Uliyovuna nimekusamehe, yote. Lakini minazi yangu nataka ihesabiwe, watoto wangu wasije wakagombana na wako." Mjomba aliinama. Alisema alikuwa akingoja aje mwenyewe. Mama akamjibu kuwa naye alikuwa akingoja aitwe.

Kesho yake tulihesabu, watoto wakikimbia mbele na chaki. Ilipatikana minazi 87, mingine mizee. Kwa kuwa mwanamume hupata mafungu mawili na mwanamke moja, 58 ikawa ya mjomba na 29 ya mama, kila mtu na eneo lake. Tuliandika karatasi, wakashuhudia majirani wawili. Kalamu ilikuwa mikononi mwetu, kama ilivyo kila wiki msikitini, na tuliona haya kwamba kazi ya asubuhi moja tuliiachia miaka tisa.

Ndugu wasomaji, mtume wetu ametufundisha kuwa anayeunga udugu hasa si yule anayerudisha wema kwa wema, bali ni yule anayeunga pale alipokatwa. Likizo zinapokuja, watoto wapelekwe ufukweni, ni haki yao. Lakini tujiulize pia ni mlango gani wa ndugu tunaoupita mbali, na nani ndani yake macho yanamfifia akisubiri.

Amboni tulipita siku ya kurudi, kama tulivyoahidi. Bibi alibaki garini akilinda gunia la nazi. Alisema zimo ishirini na tisa, na asiguse mtu mpaka tufike nyumbani.