Flashi ya Mama: picha ngapi zinaingia?

Swali ambalo jamaa zangu huniuliza sana si la programu. Ni hili: "Flashi hii inaingia picha ngapi?" Mwaka wa 2022 aliyeuliza alikuwa Mama. Simu yake ilikuwa imejaa, alitaka ifutwe yote aanze upya, na alikuwa amenunua flashi ya GB 32.

"Zako zote, na nafasi ibaki," nilimjibu kwa simu bila hata kufungua laptopu. Digrii ya kompyuta jamani!

Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Wengi hukosea kwa kuhesabu pikseli: kamera ya pikseli milioni 12, kila pikseli baiti 3, basi picha moja ni MB 36. La. JPEG huibana hadi MB 3 au 4 hivi, kulingana na ulichopiga: ukuta mtupu hubanwa sana, shamba lenye majani hubanwa kidogo. Kwa hiyo usiamini maandishi ya kwenye pakiti. Fungua folda yako, angalia ukubwa wa jumla, gawa kwa idadi ya picha. Nilipokuja kupima za Mama, wastani ulikuwa MB 3.5. Gawa 32,000 kwa 3.5, unapata kama 9,100. Yeye alikuwa na 6,900. (Windows itakuonyesha GB 29.8. Hujaibiwa: kwa mtengenezaji GB ni baiti bilioni moja, kwa Windows ni 1,073,741,824.)

Kilichonipiga chenga ni neno "picha". Kwa Mama, video nayo ni picha. Dakika moja ya video kwenye simu ile ilikula kama MB 130, nafasi ya picha 37. Naye alikuwa na moja ya dakika 40: babu akizungumza siku ya mahari ya dada yangu, miezi michache kabla ya kutuaga mwaka wa 2021. GB 5.2.

Hata hiyo ingetosha. Lakini flashi za GB 32 kwa kawaida huja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja kupita baiti 4,294,967,295, hata flashi ikiwa tupu. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akinakili. Ujumbe ulipotokea kwamba faili ni kubwa mno, aliiruka, nyingine zikaendelea. Si nilishasema zote zinaingia? Kisha wakaifuta simu.

Kuipanga upya kwa exFAT kabla ya kuanza kungechukua dakika mbili. Kulinganisha idadi ya faili kabla ya kufuta, dakika moja. Siku hizi mtu akiniuliza lile swali, namwuliza kwanza kama ana video ndefu, na simu haifutwi kabla sijaziona faili zikifunguka kwenye flashi.

Mama hajawahi kunilaumu. Juzi niliichomeka ile flashi. Bado ina nafasi ya GB 7 na ushei.