Begi la Kwenda Lambwe

Keroka

Mwana wa kaka,

Nimepata ujumbe wako kuhusu kazi ya kuwasaidia watafiti kule mbuga ya Ruma, na nilimshukuru Mungu kabla sijamaliza kuusoma. Kisha nikafika pale unaposema umeona begi kwenye soko la Daraja Mbili, begi kubwa la wawindaji wa Marekani, lenye mabaka ya majani na matawi, na muuzaji amekuwekea hadi siku ya soko ijayo. Usilinunue. Nitakueleza kwa nini, na nitakueleza ununue lipi, maana nimekaa kwenye cherehani ya maturubai miaka mingi kuliko umri wako.

Tuanze na hayo mabaka. Uwindaji hapa Kenya ulipigwa marufuku Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara nayo ikafungwa. Begi la mwindaji linalofika kwetu ndani ya bandali la mitumba lilishonwa kwa ajili ya mtu wa Montana au Texas anayejificha ili mnyama asimwone. Wewe huendi kujificha. Unaenda kuwahesabu korongo, wale swala, na sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 iliwakuta 15 tu, wote humo Ruma, kwa sababu hakuna mahali pengine nchini walikobaki. Penye wanyama wachache hivyo, askari wa shirika la wanyamapori, KWS, humtazama mgeni kwa makini, na ni haki yao. Sheria pia inamkataza raia kuvaa sare za kijeshi au nguo zinazofanana nazo. Kwa nini usimamishwe kwenye kila kizuizi cha polisi kati ya Kisii na Homa Bay ueleze kwamba hayo ni majani ya mwindaji?

Usikimbilie jeusi wala la buluu pia. Bonde la Lambwe, ilimo Ruma, lina mbung'o tangu zamani, na rangi hizo mbili ndizo zinazowavuta. Mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu hiyo hiyo. Chukua kaki, au kahawia ya udongo, au kijani kilichofifia.

Sasa maji. Umeniletea swali lako kwa kusema muuzaji amekuapia kwamba begi halipitishi maji. Kitambaa chaweza kuwa hakipitishi maji na begi likajaa maji. Kila sindano inapopita huacha tundu, na begi la ukubwa huo lina matundu maelfu. Ndiyo maana mimi nikipewa begi huligeuza ndani nje kabla sijatazama sura yake. Tafuta mishono mikuu: ile inayounganisha tumbo na pande mbili za mwisho. Je, ukingo wa kitambaa umeachwa wazi ukitoa nyuzi, au umefunikwa kwa utepe na kushonwa tena? Ukiona nyuzi zinachomoka, hilo begi litaachia siku utakapolijaza. Ukiona juu ya mshono kuna ukanda mwembamba uliogandishwa kwa joto, huyo fundi alijali mvua. Pitisha ukucha ukingoni mwa ukanda huo. Ukiinuka kirahisi, gundi imeshachoka.

Halafu pitisha mkono upande wa ndani wa kitambaa. Mabegi mengi ya nailoni na poliesta hupakwa tabaka jembamba linalozuia maji, na tabaka hilo huzeeka kwa joto na unyevu hata kama begi halijatumika. Likiwa linanata kidoleni au linapukutika kama unga mweupe, limekufa, na hakuna fundi wa kulifufua. Begi la mitumba limebanwa ndani ya bandali, likasafiri baharini, likakaa ghalani Mombasa. Wauzaji wana sababu ya kutolikunjua mbele yako. Wewe likunjue. Ukiona kwenye mikunjo kuna mistari iliyopasuka, liache hata kama linauzwa kwa bei ya sukari.

Utaona pia lebo zenye namba kama 600D au 1000D. Hiyo D ni deniya, uzito wa uzi kwa gramu ukiwa na urefu wa mita 9,000. Namba kubwa inamaanisha uzi mnene, na uzi mnene hustahimili kukwaruzwa na miiba na vyuma vya keria ya matatu. Haikwambii lolote kuhusu mvua. Watu hulipa pesa nyingi kwa ajili ya namba hiyo wakidhani wamenunua paa la nyumba.

Kuhusu uzi wa kushonea mafundi tunabishana hadi leo. Kwenye turubai la pamba, uzi wa pamba una faida yake: ukilowa huvimba na kuziba tundu la sindano. Lakini huoza, na kwa unyevu wa milima hii yetu huoza upesi. Mimi nachagua poliesta. Nailoni ina nguvu ikiwa mpya, ila jua huila, na kule bondeni kuna jua kali kuliko hapa Keroka.

Mkanda wa kubebea ndio unaobeba kila kitu, kwa hiyo angalia unapoanzia. Mkanda mzuri hupita chini ya tumbo la begi na kurudi upande wa pili, ukilikumbatia lote. Ule ulioshikizwa ubavuni tu utang'oka na kipande cha kitambaa. Pale unaposhikizwa, tafuta mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Na usivutiwe na fundi aliyerundika mishono mingi mahali pamoja. Matundu yakikaribiana mno, kitambaa huchanika kwa kuufuata mstari wake.

Zipu isiwe ya chuma. Kutu itaishika kabla ya Krismasi. Ya nailoni yenye meno mapana, wanayoiita namba 10, ndiyo ya begi la safari. Namba 5 ni ya mkoba wa shule. Pawe na kipande cha kitambaa kinachoifunika, kwa kuwa zipu ya kawaida hupitisha maji hata ikifungwa vizuri. Vumbi likianza kuikwamisha, ipige mswaki mkavu kisha isugue kwa kipande cha mshumaa. Meno yakiachana nyuma ya kichwa cha zipu, mara nyingi si meno yaliyoharibika, ni kichwa kilichopanuka. Kibane taratibu kwa koleo pande zote mbili. Watu wengi wametupa mabegi mazima kwa ajili ya ugonjwa huo mdogo.

Ukubwa: lita 60 zinakutosha. Najua unataka kubeba nyumba nzima, lakini fikiria njia. Utapanda matatu hapa hadi Kisii, kisha Rongo, kisha Homa Bay, na begi litakaa juu ya keria. Baada ya hapo ni boda, na mvua ikinyesha udongo mweusi wa Lambwe hushika magurudumu hadi dereva akwambie ushuke utembee. Ndipo utakaposhukuru ukiwa na mikanda miwili ya mgongoni. Begi la kuning'inia bega moja litakupinda uti kabla hujafika langoni.

Usitegemee mifuko ya plastiki ya kufungia nguo ndani. Ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na hifadhi. Nimepata njia nyingine ambayo haijanisumbua: kitambaa cha mwavuli uliovunjika. Hapa kwetu, kwa mvua hii ya kila alasiri, miavuli iliyovunjika haikosi. Ng'oa kitambaa, shona vifuko vitatu virefu mdomoni, vikunje midomo mara tatu kisha ufunge kwa kamba. Kimoja kiwe cha daftari zako na simu, kimoja cha nguo kavu za kulalia, na cha tatu ukiache kitupu kwa ajili ya nguo zilizolowa. Hicho cha tatu ndicho watu husahau. Begi linalozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka, na soksi mbichi moja yaweza kuotesha ukungu begi zima kwa siku chache.

Kila ukirudi kambini lifungue, lining'inize mdomo ukiangalia chini, mahali penye upepo. Usilianike kando ya jiko.

Kama hutapata la namna hii Daraja Mbili, usinunue lolote kwa sababu siku zimekwisha. Nina kipande cha turubai la lori, kijani kilichofifia, kimebaki kwenye kazi ya mteja mmoja. Ni kizito, nusu kilo na zaidi kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo begi litakuwa na uzito wake hata likiwa tupu. Lakini mishono yake naweza kuibandika kwa joto na chini nikaweka tabaka mbili. Nahitaji siku tatu za kushona. Nipimie kutoka bega hadi kiuno, na unene wa koti utakalovaa, unitumie kwa simu kabla ya Alhamisi. Mwambie baba yako asikununulie zipu mjini, ninayo.

Shangazi yako