Vimbweta nyuma ya madarasa

Kutoka Kasekese, wilayani Tanganyika, hadi chuo cha binti yangu jijini Dar es Salaam ni safari ya kuikata nchi: kwanza Mpanda, kisha garimoshi kupitia Kaliua na Tabora mpaka pwani. Njia nzima niliwaza jambo moja: mtoto wa kike, ugenini, anakaa na nani?

Alinipeleka nyuma ya madarasa. Zamani, akasema, palikuwa jalala. Wanafunzi wakachangishana, wakanunua saruji, wakakoroga zege kwa mikono yao na kujenga vimbweta: meza ya zege katikati, mabenchi ya zege kandoni, kivuli cha mwarobaini juu. Aliyesoma Mlimani hahitaji kuelezwa neno hilo.

Nilikunja uso kuwaona wavulana na wasichana katika uwanja mmoja. "Baba," akaniambia kwa adabu, "hapa kila apitaye anatuona."

Sikuwa na jibu. Wasichana walikuwa na meza zao, aliyeelewa hesabu akimweleza asiyeelewa. Ilipoadhiniwa Alasiri, vitabu vilibaki mezani, wenyewe wakaenda kuswali.

Ni hapo mwenzake aliponidokeza kwamba mwaka wa kwanza, kabla ya vimbweta, binti yangu alikuwa akila peke yake, akisoma peke yake, akilia. Kwenye simu alikuwa akiniambia, "Alhamdulillahi, baba, sijambo."

Nimerudi Kasekese. Nyuma ya shule yetu kuna miembe mitatu, na chini yake hakuna hata jiwe la kukalia. Nimeahidi mifuko miwili ya saruji. Mchanga vijana watauchota mtoni.