Tanki Lililojaa

Marehemu baba yangu alikuwa na Peugeot 404, na kwenye buti lake hapakukosekana dumu la petroli lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Tulipokuwa tukitoka Tanga kwenda Arusha kuwaona ndugu, alijaza tanki jioni ya kuamkia safari, akajaza na dumu, na mtu akimuuliza ya nini yote hayo ilhali Korogwe kuna sheli na Moshi kuna sheli, hujibu kwamba mwenye tanki lililojaa habishi hodi kwa watu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni, petroli leo ipo kesho haipo, kwa hiyo nadhani alikuwa na sababu zake. Mimi niliyachukua yale maneno nikiwa mtoto nikaondoka nayo, na bado ninayo hapa Uholanzi, nchi ambayo sijawahi kukosa petroli hata siku moja.

Ugenini mtu hujifunza upesi kutoomba. Njia huulizi, simu unayo. Ukihama nyumba unakodi lori, ukiugua unapanga miadi, ukikwama unapiga namba ya huduma uliyokwisha kuilipia. Nilikuwa nikiona fahari katika hilo. Sisi tuliosoma Tanzania ya Mwalimu tuliimba Ujamaa na Kujitegemea tukiwa na kaptula, vyote viwili kwa pumzi moja, kama vilivyofungamanishwa katika Azimio la Arusha la 1967; sijui ni wapi njiani nilidondosha cha kwanza nikabaki na cha pili. Wala sidhani kwamba Mwalimu alikusudia kila mtu ajifungie kwake na dumu lake.

Basi tulipopata gari la umeme, na mke wangu akasema likizo hii twende nalo hadi Italia, kwenye ziwa la Como, nilichohesabu kwanza hakikuwa fedha. Nilihesabu ni mara ngapi tutalazimika kusimama mahali tusipopajua. Kutoka Utrecht ni zaidi ya kilomita 1,000. Karatasi ya gari inasema litakwenda zaidi ya kilomita 400 kwa chaji moja, lakini karatasi haibebi watu watano na mabegi yao, na haiendi kasi ya 130 kwenye barabara kuu ya Ujerumani. Upinzani wa hewa hauongezeki sawasawa na mwendo, huongezeka kwa kipeo cha pili chake, kwa hiyo ile kasi kidogo unayoipata unailipia kwa umeme mwingi. Ukiondoa asilimia za chini unazoziogopa na asilimia za juu zisizofaa kusubiriwa, zinabaki kama kilomita mia mbili hivi za amani kati ya kituo na kituo. Baba angecheka. Au asingepanda.

Mama yangu alikuwa nasi, amekuja kwa viza ya miezi mitatu, na yeye ndiye pekee ambaye hakuona ajabu yoyote. Amezoea mabasi. Kwake safari ni kitu kinachosimama: Segera watu washuke, Mombo wale, Same wanyooshe miguu. Tulipochomeka waya mara ya kwanza, nje kidogo ya Cologne, mimi nikiwa nimekodolea macho namba kwenye kioo cha mashine, yeye alikwisha tandika kanga kwenye benchi na kutoa chupa ya chai na kachori zilizofungwa kwenye taulo la jikoni. "Mwanangu, gari linakunywa," alisema. "Na sisi tunywe."

Nilikunywa, ila kwa jicho moja kwenye namba. Betri ikiwa chini hupokea umeme kwa pupa, na ikifika karibu asilimia 80 mashine inapunguza nguvu, tena inapunguza sana, mpaka unadhani imeharibika. Mwanangu wa kiume alitaka kujua kwa nini. Nilimwambia afikirie daladala pale stendi: abiria wa kwanza wanaingia mbio na kukaa wanapotaka, wa mwisho lazima apenye, aombe njia, atafute kipande cha kiti, na ukimsukuma kwa nguvu unaumiza watu. Ndivyo chembe za lithiamu zinavyotafuta nafasi ndani ya betri, na ndiyo maana aliyezoea safari hizi huondoka kwenye asilimia 80 badala ya kungoja 100. Mtoto alielewa mara moja. Mimi ndiye niliyepata taabu. Kuondoka na tanki lisilojaa kwa hiari yangu, tena kwa sababu ndiyo njia ya kuwahi kufika, kulikuwa kinyume cha kila nilichorithi, na vituo kadhaa vya kwanza nilining'inia pale hadi 90, hadi 93, huku nyuma yangu watu wakingoja zamu.

Kusini mwa Heidelberg tuliiacha barabara kuu tukaingia mji mdogo wa Wiesloch, kwa sababu mke wangu alikuwa amesoma habari zake na mimi nilikuwa nimechoka kubishana. Kuna duka la dawa pale ambalo watu wa mji hulitaja kuwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Agosti 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim asubuhi na mapema na wanawe wawili, Eugen na Richard, bila mumewe Karl kujua, wamepanda lile gari la magurudumu matatu ambalo Karl alikuwa amelitengeneza na watu wakasita kulinunua. Walikuwa wakienda Pforzheim kwa mama yake Bertha, safari ya zaidi ya kilomita 100, na hakuna aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho kwa gari la injini ya mafuta. Sheli hazikuwepo. Mafuta yalipopungua aliingia katika duka la dawa la Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika ambacho watu walitumia kutolea madoa kwenye nguo. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia. Breki zilipolika fundi viatu alizipigilia ngozi. Mnyororo ulimhitaji mhunzi, na kwenye vilima vijana walishuka wakasukuma.

Tulisimama mbele ya sanamu yake, mama akitazama zaidi mavazi. Binti yangu aliuliza kama yule mwanamke aliomba yale mafuta au aliyanunua. Nikamwambia aliyanunua, lakini ilibidi kwanza aingie ndani ajieleze. Sikujua mimi mwenyewe nilikuwa nasema nini mpaka tulipokuwa tumerudi barabarani. Nimelipia vitu vingi sana maishani bila kuingia ndani na kujieleza, na nadhani hilo ndilo nililokuwa nikilinunua hasa.

Usiku huo, upande wa Uswisi, tulifika kwenye kituo chenye mashine mbili. Moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilitaka programu, programu ikataka namba ya simu, namba ya simu ikangoja ujumbe ambao haukufika. Umoja wa Ulaya una kanuni kwamba mashine mpya za umma za kuchaji haraka, kuanzia tarehe 13 Aprili 2024, zipokee kadi ya kawaida ya benki, lakini Uswisi haimo katika Umoja huo, na mashine ile haikuwa mpya. Tulikuwa na asilimia 7. Nilizunguka gari. Nilizima simu nikaiwasha. Nilisoma tena maandishi ya Kijerumani kana kwamba safari hii yangebadilika. Hatua chache kutoka pale mwanamke wa makamo alikuwa akitoa mbwa kwenye gari lake, la umeme pia, na mimi nilimwona tangu mwanzo, nikajifanya sikumwona.

Mke wangu ndiye aliyemfuata. Yule mama akaja na kadi yake ya plastiki iliyochakaa pembeni, akaigusisha, mashine ikanguruma. Nilitoa noti, akatikisa kichwa. Nikazisogeza tena, kwa namna ambayo sasa nikiikumbuka naona ilikuwa karibu na ukali. Mama yangu, asiyejua neno la Kijerumani, ndiye aliyemaliza jambo kwa kumshika mkono na kumkalisha, akampa chai na kachori. Alikula tatu, akiuliza kwa ishara ndani mna nini, na mbwa naye akapata yake. Alipoondoka mama alinigeukia. "Uso wa nini huo, mwanangu? Tumeomba umeme, hatukuomba figo."

Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi tangu siku ile, na silimalizi. Sitaki kuipamba kwetu. Kuombana kuna uchungu wake, na sehemu ya kilichonileta huku, nikiwa mkweli, ni kuukimbia. Simu yangu hulia kila mwisho wa mwezi: kaka nimekwama, mjomba ada, mwanangu yule jirani amelazwa. Natuma ninachoweza, na nilikuwa nikijihesabu mtu mkarimu. Lakini aliyezoea kuombwa tu, asiombe kamwe, yuko juu siku zote, na akikaa huko muda mrefu anasahau uso wa anayeomba unavyowaka. Wangu uliwaka pale kando ya mashine, kwa umeme wa faranga chache. Nikamfikiria binamu yangu mmoja, ambaye hutanguliza salamu ndefu mno kabla ya kusema shida yake, na jinsi nilivyokuwa nikikereka na zile salamu, nikimwambia aende kwenye hoja.

Kesho yake tulipanda Gotthard. Asilimia zikamomonyoka bila huruma hadi Göschenen. Kisha tukaingia handaki la karibu kilomita 17, lililofunguliwa 1980, na tulipotokea Airolo barabara ikaanza kuteremka. Kutoka pale hadi Bellinzona unashuka karibu mita 900, na mota, badala ya kula, inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Watoto walikuwa wakizisoma namba kwa sauti kila moja ilipopanda. Ni furaha ya kitoto, na sioni sababu ya kuionea haya.

Ila katikati ya mteremko ule ndipo nilipomkumbuka jirani yangu wa ghorofa ya chini, mtu wa Kolwezi. Siku tuliyolileta gari nyumbani alikuja kulitazama, akainama, akagonga sakafu yake kwa ngumi kule betri ilipo. "Ndugu," aliniambia kwa Kiswahili chao cha Katanga, "humu ndani muko udongo ya kwetu." Alikuwa akitania, na hakuwa akitania. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, nyingi yake kutoka Kolwezi na jirani zake, baadhi ikichimbwa na watu kwa sururu na koleo. Zipo betri zisizo na kobalti kabisa. Yetu si mojawapo. Mimi niliyeona aibu ya kugusishiwa kadi mara moja nilikuwa nimekalia, tangu Utrecht, jasho la watu nisiowajua, na kwa hao sikuwa nimeona aibu, kwa kuwa hapakuwa na aliyeniangalia usoni. Baba naye na dumu lake: mtu fulani aliisukuma ile petroli hadi Tanga, katika nchi isiyokuwa na fedha za kigeni. Labda hodi ilikuwa ikibishwa siku zote, ila na watu wengine kwa niaba yetu.

Sijui nifanye nini na wazo hilo. Gari sikuliuza. Sidhani hata kwamba lililotufundisha litadumu, maana vituo vinaongezeka, mashine mpya zinakubali kadi, nyingine zinalitambua gari lenyewe mara tu unapochomeka waya, na miaka michache ijayo mtu atatoka Utrecht hadi Como bila kumtazama mtu yeyote usoni, na nitakuwa wa kwanza kushukuru. Mama amerudi Tanga anasimulia zaidi habari za mbwa kuliko za ziwa.

Wala nisijifanye nimebadilika. Wiki chache baada ya kurudi taa ya ukumbini iliungua, na dari yetu iko juu. Jirani wa Kolwezi anayo ngazi, nimewahi kuiona. Nilisimama mlangoni kwangu kwa muda, nikapiga hesabu ya saa, nikajiambia huenda amelala, nikaenda dukani nikanunua yangu. Alinikuta nayo kwenye veranda ya chini, inagonga kuta. Akauliza mbona sikumgongea. Nikasema sikutaka kumsumbua. Akaitazama ile ngazi, akaona kwamba ni ndefu kuliko yake, akaniomba nimwazime Jumamosi.