Muulize muuzaji sirapu yake haitibu nini

Wasee, mmeniuliza sana kuhusu sirapu ya tangawizi, basi leo tuongee.

Mau Narok iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huku haina huruma. Mmoja akitoka shamba la waru na kikohozi, kesho nyumba nzima inakohoa. Ndiyo maana kila shosho ana sirapu yake. Yangu ni rahisi: kata tangawizi mbili kubwa, chemsha na vikombe viwili vya maji mpaka kibaki kimoja, chuja, acha ipoe. Ikiwa vuguvugu, weka kikombe cha asali na maji ya ndimu mbili. Ihifadhi kwa friji, umalize ndani ya wiki moja. Asali inalainisha koo na kupunguza kukohoa usiku. Inasaidia kweli.

Lakini inboksi yangu imejaa ushauri mwingine: "Weka kwa chupa, andika inatibu pumu, presha na mapafu, tutanunua." Niliacha chuo, na hizi video ndizo zinanilipia nyumba. Doo naihitaji. Ila neno "inatibu" siliandiki.

Kwa nini? Kikohozi cha wiki mbili kinaweza kuwa TB. TB inahitaji vidonge, mara nyingi vya miezi 6, na kwa hospitali za serikali dawa hizo ni za bure. Ukikaa mwezi mzima ukilamba asali yangu, unazidi kuumia, na wale mnaolala nao chumba kimoja unawaambukiza. Hapo mimi ningekuwa nimekuuzia muda uliopotea.

Tumeshaona haya karibu. Mwaka 2011, huko Loliondo, Tanzania, watu walipanga foleni ya kilomita nyingi kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500 za huko. Kilisemekana kinatibu mpaka ukimwi na kisukari. Kuna walioacha dawa za hospitali.

Sidharau miti shamba. Waogiek wa msitu wa Mau wamefuga nyuki na kujua mimea yao kabla sisi hatujajua kamera ni nini. Lakini kuheshimu mmea ni pamoja na kujua mwisho wa nguvu zake.

Kwa hivyo shikeni haya. Mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa, inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Mwenye kisukari akumbuke asali ni sukari. Mtoto anayepumua haraka au kifua kinabonyea ndani, mbio hospitali, sirapu itangoja.

Na ukikutana na mtu anauza chupa stendi, muulize swali moja tu: hii haitibu nini? Akikosa jibu, rudisha pesa mfukoni.