Kibarazani Kiwira, uso wa Pareja unakauka polepole

Ukishuka kutoka Uyole kwenda Tukuyu, Kiwira utaijua kwa mikungu ya ndizi kando ya lami na ubaridi unaoingia dirishani mwa gari. Wageni wengi huja kuona Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliovuka Mto Kiwira. Nyuma ya soko hawafiki.

Huko, kwenye kibaraza cha nyumba moja, kijana aliyemaliza kidato cha nne ananakili picha iliyochorwa Roma mwaka 1650. Ni ya Juan de Pareja, Mhispania mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mtumwa wa mchoraji Diego Velázquez. Mwaka huohuo bwana wake alisaini hati ya kumwachia huru, kwa sharti kwamba atumike miaka 4 zaidi (uhuru wa mkopo, mtu anaweza kusema). Baadaye Pareja naye akawa mchoraji. Picha yenyewe iko Metropolitan Museum, New York. Kijana anaitazama kwenye simu ya mjomba wake, fundi wa kuandika mabango, iliyoegemezwa kwenye debe.

“Mjomba, rangi nyeusi imekwisha.”

“Nani kakwambia ngozi yake ni nyeusi? Hebu mtazame tena.”

Anatazama. Shavuni mna wekundu wa udongo, chini ya jicho kahawia, na kwenye paji la uso mwanga umeacha weupe kidogo. Siku nzima inaishia kwenye paji hilo. Mawingu ya Rungwe yanasaidia: mwanga wake umetulia, hauhamishi vivuli kila baada ya dakika chache.

Kukauka ndiko kazi. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo kwenye rangi hizi huwa magumu kwa kukutana na hewa, na kwa baridi hii tabaka moja huchukua siku kadhaa. Tabaka la chini huwa jembamba, lenye mafuta machache. Ukikosea mpangilio, picha hupasuka.

Mwanzoni alichorea chumbani, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua, mdogo wake wa miaka miwili amelala palepale. Mama aliporudi sokoni alisimama mlangoni. “Baba, mtoto analala humu. Toka na hiyo harufu yako.” Ilikuwa tapentaini, dawa ya kulainishia rangi na kusafishia brashi, mvuke wake huumiza kichwa na kuwasha macho na koo.

Lililomtisha zaidi ni chupa. Tapentaini ilikuwa kwenye chupa ya soda, na mtoto alikuwa ameishika. Hakuwa amekunywa. Angekunywa, kumtapisha kungekuwa kosa la pili, maana ikipanda inaweza kuingia mapafuni; anayekunywa hukimbizwa kituo cha afya na chupa yake mkononi. Sasa iko kwenye kopo la mfuniko, juu ya kenchi. Vitambaa vya kufutia huanikwa nje kimoja kimoja, kwani vikifungwa bonge vikiwa na mafuta ya kitani huweza kujiwasha vyenyewe.

Saa kumi mvua inarudi. Mama anashika upande mmoja wa fremu, kijana upande wa pili, wanaisogeza ukutani bila kugusa uso. Kola nyeupe ya Pareja bado haijaanzwa. Shavu halijakauka.