Kinanda kisicholia chenyewe

Zamani mtoto akipenda muziki, mzazi alijua kitakachofuata. Angegonga madebe uani, angejiunga na kwaya au bendi ya shule, na kama baba ana uwezo, siku moja gitaa lingeingia nyumbani. Gitaa halihitaji maelezo. Ukigusa waya, linalia.

Siku hizi mtoto anaomba kitu kingine. Anataka kibodi ndogo ya funguo 25, yenye pedi za kupigia ngoma na nobu za kuzungusha, ya kuchomeka kwenye kompyuta. Madukani wanaiita kontrola, au MIDI tu. Vijana wengi wanaotengeneza midundo ya Bongo Fleva na singeli wanaitamani kuliko simu mpya. Na ni kitu kinacholeta ugomvi kirahisi, kwa sababu kinafika nyumbani, kinawaka taa, halafu hakitoi sauti hata kidogo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam. Baba ni fundi umeme wa magari. Mama anauza vitenge. Kijana wao wa miaka 17 alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Asubuhi alikwenda gereji na baba yake kwa shingo upande, jioni alishinda kwenye kompyuta mpakato iliyochoka aliyoachiwa na binamu yake.

Desemba kikoba cha mama kilivunjwa. Kutoka kwenye mgawo wake alimpa kijana shilingi 300,000 za kibodi, kwa makubaliano kwamba atazirudisha kidogo kidogo. Baba hakuambiwa. Kichwani mwake fedha hizo zilikuwa tayari ni mabati ya chumba cha uani.

Kibodi ilipofika, kijana aliichomeka, taa zikawaka, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu. Kimya. Baba akaingia kutoka kazini, akauliza bei, akajibiwa. Akabonyeza funguo mbili yeye mwenyewe.

"Mmeuziwa taa," akasema.

Duka lilikuwa limetoa siku 3 za kurudisha mali. Baba akaamua kesho yake irudi. Mama hakusema neno. Usiku, mumewe alipomuuliza kwa nini hakumshirikisha, alijibu, "Ningekuuliza ungekataa." Baba akasema, "Ningekataa kweli." Wakalala wamepeana migongo.

Asubuhi kijana alikuwa na nafasi moja tu ya kujieleza. Alikuwa ameangalia video nyingi, lakini maneno ya kwenye video hayakuwa maneno ya baba yake. Akatafuta ya kwake.

"Baba, swichi ya ukutani ina mwanga ndani yake?"

"Haina."

"Na hii ndiyo hivyo hivyo. Ni swichi. Balbu iko ndani ya kompyuta."

Hakukosea. Kibodi ya namna hii haina sauti yake. Ufunguo ukibonyezwa, inapeleka ujumbe mfupi kwenye kompyuta: ni ufunguo gani, umepigwa kwa nguvu kiasi gani, umeachiwa lini. Nguvu hiyo hupimwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 127. Programu ya muziki ndiyo inayopokea ujumbe na kuugeuza kuwa sauti ya piano, zeze au ngoma, kutegemea mtumiaji amechagua nini.

Lugha hiyo ya ujumbe ndiyo inayoitwa MIDI, na ina umri wa kumzidi baba wa kijana. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya muziki huko Anaheim, Marekani, vinanda viwili vya makampuni yanayoshindana, kimoja cha Sequential Circuits ya Marekani na kingine cha Roland ya Japani, viliunganishwa kwa waya na kikaweza kimoja kupigwa kupitia kingine. Watu wawili waliosukuma kazi hiyo, Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kwa sababu makampuni yalikubaliana lugha moja, kibodi iliyonunuliwa leo Kariakoo inaelewana na programu iliyotengenezwa nchi nyingine kabisa.

Baba hakusikia habari za Anaheim siku hiyo. Alisikia neno swichi, na hilo lilimtosha. "Basi tutafute waya umekatikia wapi," akasema, akavuta stuli.

Akaanza kama anavyoanza kwenye gari, kutoka kwenye chanzo. Waya gani huu? Kijana akaeleza kwamba uliokuja kwenye boksi ni mfupi, hivyo alitumia mrefu wa kuchajia simu. Baba akautazama. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: mbili za umeme, mbili za taarifa. Nyaya nyingine za bei rahisi zina zile za umeme tu. Zinawasha taa, zinachaji simu, lakini haziwezi kupitisha ujumbe. Wakachomeka ule mfupi, moja kwa moja kwenye kompyuta. Safari hii kompyuta ikatoa mlio wa kutambua kifaa.

Bado kimya, lakini sasa tatizo lilikuwa mbele zaidi. Kijana alitumia FL Studio. Akaingia kwenye mipangilio ya MIDI, akaliona jina la kibodi kwenye orodha ya vifaa vinavyoingiza ujumbe. Lilikuwepo, ila halijaruhusiwa. Akalichagua, akaliruhusu. Kisha akafungua ala ya piano na kuhakikisha ndiyo iliyochaguliwa, kwa kuwa ujumbe huenda kwa ala iliyochaguliwa. Akabonyeza.

Piano ikalia. Mama, aliyekuwa jikoni akijifanya haangalii, akatoka na mwiko mkononi.

Lakini kijana hakufurahi. Sauti ilikuwa inachelewa. Anapiga, halafu inakuja. Baba akajaribu, akakunja uso. "Hizi ni breki zenye hewa."

Hapo palikuwa na makosa mawili. La kwanza, kijana alikuwa akisikiliza kwa hedifoni za Bluetooth. Kwa kusikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa hazina shida, lakini kwa kupiga kinanda zinachelewesha sauti kiasi cha kumvuruga mpigaji. Wakaweka hedifoni za waya. La pili lilikuwa bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hujikusanyia kabla ya kuitoa. Sauti ya kawaida hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde. Bafa ikiwa ya vipande 2,048, hapo pekee zinapotea karibu milisekunde 46. Ikishushwa hadi 256, zinabaki karibu 6. Kijana akabadilisha draiva ya sauti kwenda ASIO, akashusha hadi 128. Kompyuta ile ya zamani ikaanza kukwaruza kama redio isiyokamata vizuri. Akapandisha hadi 256. Ikatulia.

Baba akaweka kidole chake chenye grisi juu ya ufunguo mmoja, akapiga mara tatu. Sauti ikatoka pale pale. Akasema, "Sawa," akainuka.

Kabla hajatoka aliuliza swali ambalo kijana hakulitarajia. "Hiyo programu umelipia?"

Hakuwa amelipia. Aliipata kwenye flashi ya rafiki, imevunjwa ufunguo, pamoja na maelekezo ya kuzima kinga ya virusi kabla ya kuiweka. Baba ana miaka mingi na vipuri bandia. Akasema, "Mgeni anayekwambia ufungie mbwa kwanza ndipo aingie, huyo ni mgeni gani?"

Likawa sharti. Programu ile iondolewe, kompyuta isafishwe. Kijana akapakua toleo la majaribio kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Toleo hilo linamruhusu kutengeneza na kutoa wimbo kamili, ila akihifadhi kazi na kuifunga hawezi kuifungua tena mpaka anunue. Kwa hiyo alijifunza kumaliza mdundo mmoja kwa kikao kimoja. Pembeni akaweka LMMS, ambayo ni ya bure na haina kizuizi hicho. Mzazi anayeombwa fedha za programu anaweza kuanzia hapo hapo: mtoto aoneshe kwanza amefanya nini na cha bure.

Siku ya 3 ilipita na kibodi haikurudi dukani. Hakuna aliyetangaza uamuzi. Baba alisema tu kwamba gereji ni saa 2 asubuhi kama kawaida, na usiku kinanda kipigwe kwa hedifoni, watu wanalala. Mabati yangesubiri. Kwa mkewe alikuwa na neno moja zaidi: wakati mwingine aambiwe, hata kama atakataa. Mama akakubali, akaongeza kwamba naye akikataa, asikilize sababu kwanza. Kibodi ile ndogo iliwafanya wazungumze jambo ambalo vikoba vingi vimepita bila wao kulizungumza.

Kazi ya kwanza ya kulipwa haikuwa wimbo. Muuza dawa ya mende na panya, anayepita karibu na gereji na spika begani, alitaka tangazo jipya, maana la zamani limechakaa. Baba ndiye aliyemwelekeza kwa kijana. Sauti ilirekodiwa kwa simu chumbani, chini ya shuka. Mdundo ulipigwa kwenye zile pedi. Malipo yalikuwa shilingi 15,000.

Kijana alimpa mama yake zote. Mama akafungua daftari la kikoba ukurasa wa mwisho, akaandika tarehe, akaandika 15,000, na chini yake akaandika kilichobaki: 285,000.